Kadi ya Athumani

Katika siku zangu zote za ujana, mwanangu, ipo moja ambayo huwa inanijia bila kuitwa. Ilikuwa siku ya gulio Mikumi, jua limekaza, na timu yetu ya Kilosa ilikuwa imetoka kupata bao. Nilikuwa nimesimama kwenye kamba ya kuzungushia uwanja na tiketi zangu mkononi, nacheka peke yangu kwa furaha, na mwanamke mmoja alikuwa anakuja mbio kutoka upande wa sokoni, kanga moja begani, nyingine inaburuta vumbi. Nitakuambia alikuwa nani na alikuwa anakimbilia nini. Lakini nipe nafasi nianze nyuma kidogo, maana sisi watu wa hesabu hatupendi kuanza katikati ya ukurasa.

Uliponipigia simu wiki iliyopita kuniambia umechaguliwa mhasibu wa timu ya hapo Mikumi, nilikupongeza, na pongezi zile zilitoka moyoni. Ulipokata simu nilikaa kitandani nikalia. Nimeona afadhali nikuandikie, kwa sababu kwenye simu ningelia tena, na wewe ungewapigia ndugu zako wote kuwaambia shangazi anaumwa. Siumwi. Nina jambo la kukuambia, na nimechelewa kulisema.

Wakati huo nilikuwa na miaka ishirini na saba, karani wa hesabu katika duka la pembejeo pale Kilosa mjini. Mchana niliandika mbegu na dawa za pamba. Jioni nilikuwa mhasibu wa Wana Mkondoa, timu yetu iliyokuwa ligi ya mkoa. Mwanamke kwenye kamati ya mpira siku zile alikuwa kichekesho. Walinichagua kwa sababu mhasibu aliyenitangulia alihama mji akahama na daftari, na baada ya hapo hakuna mwanamume aliyetaka kukaa kwenye kiti kile. Mwenyekiti wetu, Mzee Kondo, muuza vifaa vya ujenzi na bingwa wa maneno, aliwaambia wenzake, "Tumpe huyu binti. Huyu hata sumni ikilala vibaya anaiamsha."

Na kweli niliziamsha. Timu ndogo inaishi kwa kubana, mwanangu, wewe utayaona hayo mwenyewe kabla mwezi haujaisha. Niligundua kwamba malori yanayopeleka mizigo Mikumi yanarudi Kilosa matupu, nikapatana na madereva: kwenda wachezaji wakae juu ya magunia, kurudi wajinyooshe, na nauli iwe nusu. Soda za baada ya mechi niliziondoa, nikaweka glukosi kwenye ndoo ya maji. Jezi nilizitoa kwa dobi nikawa nazifua mwenyewe. Nyavu za goli zilipochakaa nilizishona kwa kamba za mkonge nilizoomba kwenye shamba moja la jirani. Kila aliyepewa chochote alitakiwa arudi na karatasi, hata aliyetumwa ndimu, na wachezaji wakanipa jina la Mama Risiti.

Usije ukafikiri nakusimulia habari za msichana mnyenyekevu. Nilijivuna sana. Nilijua bila mimi timu ile ingekuwa imekwisha kitambo, na nilipenda na wengine wajue hivyo.

Mshambuliaji wetu aliitwa Athumani Ngala, kijana wa Zombo, mpole nje ya uwanja na msumbufu ndani yake. Alikuja mazoezini kwa baiskeli, akilala kwa rafiki zake mjini siku za mechi. Hakuwahi kunidai nauli hata siku moja. Akija ofisini alisimama mlangoni kwanza, "Shikamoo dada," na mpaka nimwitikie ndipo aingie. Baba yake alikuwa amefariki zamani. Mama yake, Bi Zena, alikuwa mkulima wa mpunga pale Zombo, na Athumani alikuwa mtoto wake wa pekee.

Zikiwa zimebaki mechi nne ligi iishe, Athumani alishikwa na homa. Siku ya nne tukaletewa habari kwamba amefariki. Tulikwenda Zombo timu nzima. Wanaume walimbeba kwa zamu hadi makaburini, mimi nilibaki ndani na wanawake, bega langu likigusana na la mama yake. Nililia mpaka kichwa kikaniuma. Machozi yale hayakuwa ya uongo, na hilo ndilo linalonitisha mpaka leo, kwamba mtu anaweza kulia kwa dhati siku ya Jumatano na Jumatatu akafanya kama nilivyofanya mimi.

Jumatatu hiyo tulikutana dukani kwa Mzee Kondo, yeye, mimi na wajumbe wawili waliokuja kusikiliza tu. Hali ilikuwa mbaya. Tulikuwa wa pili kutoka mkiani. Tajiri aliyekuwa anatununulia jezi na mipira alishasema tukishuka daraja anaondoka, na yeye akiondoka hakuna timu. Mshambuliaji tumemzika. Usajili umefungwa, hakuna mchezaji mpya anayeruhusiwa kuingia hadi msimu mwingine. Alikuwepo kijana mmoja anafanya mazoezi na sisi, Yohana, kibarua wa shamba la mbegu Kilangali, ana mashuti ya kutisha makipa, lakini hakuwa na kadi ya ligi. Bila kadi huchezi. Mzee Kondo alishika tama, akasema, "Basi. Tumekwisha."

Hapo ndipo mimi nilipofungua mkoba. Kadi za wachezaji nilizitunza mimi, kwa kuwa ada zake nililipa mimi. Nikaitoa kadi ya Athumani nikaiweka mezani, katikati ya makopo ya misumari.

"Hii imelipiwa mpaka mwisho wa msimu," nikasema.

Mwanangu, maneno hayo nimeyarudia kichwani mwangu zaidi ya maneno yoyote niliyowahi kusema. Sikuyasema kwa roho mbaya. Niliyasema kama mhasibu. Palikuwa na kitu kilicholipiwa ambacho hakitumiki, na kila nilichofundishwa darasani kiliniambia kwamba hiyo ni hasara. Kijana aliyekuwa akisimama mlangoni mpaka aitikiwe salamu sikumwona kabisa. Niliona ada.

Mzee Kondo alinitazama kwa muda. Nadhani alikuwa ananingoja nicheke, ajue ni utani. Sikucheka. Akauliza, "Na mama yake?" Nikamwambia mama yake yuko Zombo, ana mpunga wake, habari za mpira hazimhusu. Akakuna kidevu, akasema mimi ndiye niliyesoma, nijuavyo mimi ndivyo. Halafu akainuka kumhudumia mteja, na kwa namna hiyo akawa amekubali bila kukubali. Wale wajumbe wawili walitazama dari.

Kesho yake Yohana alipigwa picha karibu na stendi. Nikaipaka gundi, nikaibandika juu ya picha ya Athumani, nikailaza kadi chini ya kitabu cha stakabadhi ikauke. Mhuri uliokuwa umekata pembe ya picha niliuendeleza kwa kalamu ya wino wa bluu, na niliuendeleza vizuri mno, hata mimi mwenyewe nilijisifu. Kazi yote haikumaliza kikombe cha chai.

Basi ndiyo tukaenda Mikumi siku ile ya gulio. Yohana nilimwonya jambo moja tu, kwamba akifunga asifanye ishara ya msalaba, maana watu watajiuliza ni Athumani gani huyo. Alifunga kipindi cha kwanza. Mkono ukaenda kwenye paji la uso, akakumbuka, akajikuna. Nilicheka. Wenyeji walikuwa wamekodi spika mbili kubwa za matangazo ya sokoni, na mtangazaji akasoma jina kwenye orodha niliyoiandika kwa mkono wangu, akalivuta kama wavutavyo: Aaathumani Ngaaala wa Kiiilosa! Sauti ilivuka uwanja, ikavuka barabara, ikaingia gulioni.

Bi Zena alikuwa gulioni. Alikuwa amepanda lori alfajiri kutoka Zombo na madebe yake ya mchele. Hakuwa amepata habari yoyote ya mechi. Aliyasikia hayo akiwa anampimia mtu, akaacha kopo ndani ya mchele, akakimbia.

Alinishika mkono. Hakunisalimia, na mimi sikukumbuka kumwamkia, na kwetu unajua hilo lina uzito gani.

"Hawa, wamemtaja Athumani."

"Ni jina tu, mama. Watu hufanana majina."

"Athumani Ngala? Wa Kilosa?"

"Wako wengi, mama."

Nilimwambia hivyo huku namtazama usoni. Alinitazama na yeye, kisha akageukia uwanjani. Akamwona kijana mwenye jezi namba tisa, akamfuata kwa macho kutoka goli hili mpaka goli lile. Baadaye akaketi palepale kwenye nyasi, nje ya kamba, akakaa mpaka filimbi ya mwisho. Wenzake wa sokoni walikuja kumwambia mchele wake hauna mtu, hakuinuka. Tulishinda. Wakati wa kurudi vijana waliimba juu ya lori njia nzima, nami nikaimba nao, lakini nilikuwa najilazimisha.

Nilidhani limepita. Mechi iliyofuata tulikuwa nyumbani Kilosa, na kabla hata timu hazijaingia nilimwona Bi Zena amekwishaketi, amevaa gauni lake la Idi, ana kikapu miguuni. Nikaenda kumwamkia. Akaitikia marahaba kwa upole, akatoa kifurushi cha majani ya mgomba chenye mihogo ya kuchemsha na njugu za kukaanga. "Mpe yule kijana mwenye jina la mwenzie," akasema. Nikakipokea kwa mikono miwili. Ningefanya nini?

Sasa nikuambie aibu ya siku ile, na hii haikuwa yangu peke yangu. Pale Kilosa kila mtu alijua Athumani amekufa. Wengine walikuwa wameshika jeneza lake. Lakini kila mtu alitaka timu ibaki, na mashabiki waliona kamisaa wa mchezo, yule mkaguzi wa kadi, ni mgeni. Kwa hiyo walilipiga kelele jina lile kwa makusudi, ili mgeni asishtuke. "Athumani! Athumani!" Yohana akigusa mpira, "Athumani!" Uwanja mzima unaita, watu wazima wanakonyezana na kucheka, na mama yake yuko pale katikati, mikono mapajani, anasikiliza. Nilimwona midomo yake ikicheza. Nilidhani anasali.

Baada ya mechi Yohana alinirudishia kifurushi, hakijafunguliwa.

"Dada, chakula hiki siwezi kukila."

"Kwa nini?"

"Ni cha marehemu. Na mimi nina mama yangu Kilangali. Siku akija kuniangalia nacheza, atamsikia wapi mwanawe?"

Nikafanya wanavyofanya wakubwa wakibanwa, nikamsukumia mzigo. Nilimwambia avumilie mechi mbili, kwamba timu nzima iko mabegani mwake, kwamba akiacha sasa wenzake ishirini watakosa pa kucheza. Kijana wa watu akainamisha kichwa. Mechi ya tatu tulifungwa ugenini. Ya mwisho ilikuwa nyumbani, na tulihitaji sare tu.

Sare ilipatikana dakika za mwisho kabisa, kwa shuti la Yohana kutoka mbali. Watu waliingia uwanjani. Mimi walininyanyua juu, mwanangu, shangazi yako huyu, na sketi yangu ya ofisini, wananipeleka huku na huku wanaimba Mama Risiti. Mzee Kondo alipewa kipaza sauti akasema timu hii imeokolewa na binti mmoja na kalamu yake. Akanifunika kitenge kipya mabegani mbele ya watu. Nilikuwa nacheka mpaka mbavu zinauma. Ukiniuliza kama katika saa ile nilimkumbuka Athumani, jibu ni hapana.

Waliponishusha, Bi Zena alikuwa amesimama kando ananisubiri.

"Hawa," akasema, "mimi nimemzaa na mimi nimemzika. Usidhani sijui alipo."

Nikaanza kuomba radhi, maneno yanakanyagana, akaninyamazisha kwa kiganja.

"Sikuja kugomba. Kule nyumbani jina lake hawalitaji. Wanaogopa nitalia. Wakifika pa kulitaja wanasema marehemu, wanasema yule kijana wetu. Hapa kwenu wanaliita kwa nguvu. Nilikuwa nakuja kulisikia tu. Sasa mpira umekwisha, sitalisikia tena. Naomba kitu kimoja. Picha yake sina. Aliwahi kuniambia amepigwa moja ya kuweka kwenye kadi, na kwamba ametoka vizuri. Naiomba hiyo."

Nikamwambia nitamletea. Nilisema haraka, karibu kwa furaha, kwa kuwa aliniomba kitu kilicho ndani ya uwezo wangu. Nilikuwa nimeshashika njia ya kwenda nyumbani ndipo nikakumbuka nilichofanya kwenye kadi ile.

Nilichemsha maji. Niliishikilia kadi juu ya mvuke, kama watu wanavyobandua stempu, nikaanza kuinyanyua pembe kwa ncha ya kisu. Gundi ile ilikuwa nzuri. Kwa msimu mzima nilibana kila kitu, ila gundi nilinunua ya bei. Picha ya Yohana ilitoka na uso wa Athumani umeng'ang'ania mgongoni mwake, umechanika vipande vidogo vidogo. Kwenye kadi kilibaki sikio moja, ukosi wa shati na sehemu ya bega. Nilikaa chini pale jikoni nikajaribu kuvikusanya vile vipande. Havikushikana. Asubuhi nilikwenda kwa mpiga picha aliyempiga Athumani mwanzo wa msimu, nikamwomba filamu. Akaniambia filamu za zamani alikwisha kuzitupa, na kwamba hakuna mtu aliyewahi kumuulizia.

Siku tatu nilikuwa naandaa uongo. Ningesema kadi imepotea. Ningesema wakubwa wa ligi wameichukua. Kila sentensi niliijaribu, na zote zilikuwa nzuri, kwa sababu nilikuwa nimekuwa mtaalamu. Sijui hasa kilichonizuia. Nadhani nilichoka. Siku ya nne nilikodi pikipiki nikaenda Zombo na kadi ile ndani ya bahasha.

Nilimkuta anapepeta mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akanisogezea kigoda. Nikampa bahasha kabla ya kukaa, nikamweleza yote, kuanzia makopo ya misumari dukani kwa Mzee Kondo mpaka ule mvuke wa maji. Nililia, lakini sikusimama mpaka nimemaliza. Alisikiliza bila kunikatiza. Aliitoa kadi akaigeuzia kwenye mwanga, akapapasa kwa kidole gumba mahali ulipokuwa uso. Akapapasa na lile sikio. Kisha akaniuliza swali moja.

"Siku ile, ulipombandika mwenzie juu yake, ulimtazama kwanza?"

Nilitafuta jibu, mwanangu. Nilirudi kichwani mpaka kwenye meza yangu, gundi, kalamu, kikombe cha chai. Nilikumbuka pembe za picha jinsi nilivyohangaika zilingane. Nilikumbuka mhuri. Uso sikuukumbuka.

"Hapana, mama. Sikumtazama."

Akatikisa kichwa taratibu. Hakuwa na hasira, na ningeshukuru kama angekuwa nayo.

"Ungemtazama, mwanangu," akasema, "leo ungenisimulia amekaaje."

Akaiweka kadi ndani ya kanga, kifuani, akaendelea kupepeta. Baadaye alinipakulia wali na mlenda, akanisimamia nile. Nilikula.

Bi Zena aliishi miaka mingi baada ya hapo. Nilikuwa nakwenda Zombo kila Idi, na hata isipokuwa Idi, nikikaa naye, na nilijifunza kulitaja jina la mwanawe. Nilikuwa namwambia habari zake za mazoezini, nilizozikumbuka, jinsi alivyokuwa akiegesha baiskeli, jinsi alivyokuwa akisalimia. Akilia nilimwacha alie. Jambo la kadi hakuligusa tena hata mara moja. Lakini kuna siku nilifika nikakuta ana wageni, na alikuwa anawaonyesha ile kadi: sikio hili ni la mwanangu, ni la ukoo wa baba yake, tazameni lilivyokaa. Nilitoka nje nikajifanya napokea simu. Alipofariki walimzika nayo, hivyo niliambiwa.

Wana Mkondoa waliishi misimu miwili zaidi. Tajiri alihamia mambo mengine, Mzee Kondo akazeeka, timu ikafa yenyewe bila mtu kugundua ni lini hasa. Yohana aliondoka mara tu msimu ule ulipoisha, akaenda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa. Kabla hajaondoka alikuja ofisini akaniomba nimwandikie kwenye karatasi kwamba mabao yale ni yake. Nilimwandikia, nikatia saini. Karatasi ile haikuwa na maana popote, na wote wawili tulijua, lakini aliikunja vizuri akaiweka mfukoni.

Sasa nisikilize. Timu hiyo utaibana, na ni haki yako kuibana, kwa sababu timu za miji yetu zinasimama kwa watu kama wewe ambao hakuna anayewapigia makofi. Jua bei ya maji, jua lori lipi linarudi tupu. Lakini kila karatasi itakayopita mezani kwako ina mtu, na kabla hujaigusa, mtazame huyo mtu. Siku hizi kadi ziko kwenye kompyuta na gundi haina kazi, ila njia za kumfunika binadamu mwenzako hazijaisha. Utaandika majeruhi kama gharama. Utaandika msiba kama nauli ya watu kumi. Andika, ni kazi yako, lakini mtazame kwanza, umjue jina na umjue kwao.

Watakuja kukusifu kwamba una akili. Siku wakikusifu sana, rudi nyumbani ukajiulize umefanya nini. Na mji mzima ukinyamaza kwa sababu unanufaika, usichukue ukimya huo kama ruhusa. Mimi niliuchukua hivyo. Kuna siku itakubidi usimame mbele ya wazee wa kamati useme njia ya halali imekwisha, acha tushuke daraja. Watakutukana. Sema hivyohivyo. Timu ikishuka, vijana hawahawa wanaweza kuipandisha mwaka unaofuata. Mimi nilichokiharibu hakuna mwaka uliokirudisha.

Na ukikosea, maana utakosea, usitume mtu wala usitume ujumbe wa simu. Nenda mwenyewe, kaa kwenye kigoda utakachopewa, useme mpaka mwisho. Mimi nilichelewa siku tatu. Wewe usichelewe hata moja.

Mwenyezi Mungu akuweke, mwanangu. Akupe wachezaji wenye afya, na mama zao wawe na umri mrefu. Akupe moyo wa kusema hapana mbele ya wakubwa zako bila kuwavunjia heshima. Mkono wako uwe mwepesi kwa kazi na mzito kwa hila, na kila ukifunga daftari, uwe huna mtu wa kumkwepa njiani. Radhi zangu unazo zote, tangu ulipozaliwa. Na ukilala, ulale.